Kununua kwa Kulipa Kidogo Kidogo

1. Mafundi wawili

Zamani kidogo, kabla ya kuwako sheria za kumlinda mnunuzi, walikuwako katika mji mmoja wa pwani ndugu wawili, mafundi wa kushona. Walikaa baraza moja, bega kwa bega, wakishona kanzu, suruali na nguo za watoto. Kazi yao ilisifiwa na watu, lakini cherehani walizoshonea hazikuwa mali yao. Walizikodi kwa mzee mmoja, na kila siku ya kazi, jua likishuka, kila mmoja alimpelekea mzee yule shilingi moja. Mwezi ukiwa na siku 26 za kazi, zilikwenda shilingi 26. Na mwaka ukiisha, cherehani zilikuwa bado ni za mzee yule.

Siku moja, mwishoni mwa mwezi wa Mei, mwenye duka kubwa alileta cherehani mpya. Wale ndugu wakaenda kuzitazama. Mwenye duka akawaambia, "Bei ya moja ni shilingi 300, fedha taslimu. Asiyekuwa nazo, na atangulize arubuni shilingi 60, kisha alipe shilingi 25 kila mwisho wa mwezi, kwa muda wa miezi 12. Cherehani ataichukua leo hii."

Yule mdogo akafurahi mno. Akamwambia mkubwa wake, "Kaka, yako maneno tena? Sasa twatoa shilingi 26 kwa mwezi kwa kitu cha mtu. Si afadhali tutoe 25 kwa kitu chetu?"

"Maneno yako ni kweli, mdogo wangu," akasema mkubwa, "lakini ngoja kwanza." Akamgeukia mwenye duka, akamwuliza, "Bwana, nikikosa kulipa mwezi mmoja, itakuwaje?"

Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno ya wazi. Akajibu, "Imeandikwa katika hati. Zikipita siku 7 baada ya mwisho wa mwezi, nawe hujalipa, cherehani itarudi dukani. Na zile fedha ulizokwisha kutoa ni kodi ya kuitumia."

"Hata kama limebaki fungu moja?"

"Hata kama imebaki shilingi moja."

Mkubwa hakutia sahihi siku ile. Usiku aliwasha taa, akafungua daftari alimoandika mapato yake ya mwaka uliopita. Akaona ya kuwa tangu Juni hata Februari alipata kama shilingi 80 kila mwezi, na matumizi ya nyumbani mwake yalikuwa shilingi 35. Lakini katika masika, yaani Machi, Aprili na Mei, wakulima huwa mashambani na fedha hawana, na watu hawashonewi nguo. Miezi ile alipata shilingi 40 tu. Basi akapiga hesabu hivi:

Mwezi mwema: shilingi 80, kutoa 35 za nyumbani, kutoa 25 za cherehani, zabaki 20.

Mwezi wa masika: shilingi 40, kutoa 35, kutoa 25, zapungua 20.

Miezi ya masika ni mitatu. Kwa hiyo zitapungua shilingi 60. Tena akaona jambo jingine. Siku ya mvua isiyokuwa na kazi, yule mzee hakudai kitu, kwa maana cherehani haikutumika. Lakini fungu la mwenye duka halijui kazi wala mvua. Siku yake ikifika, lataka kulipwa.

Akasema moyoni mwake, "Katika fedha nitakazobakiza miezi hii myema, shilingi 60 si zangu. Ni za masika."

Siku ya kwanza ya Juni ndugu wote wawili walitanguliza arubuni, wakatia sahihi, wakarudi barazani na cherehani mpya. Mkubwa akanunua kibweta kidogo, na kila mwisho wa mwezi, akiisha kulipa fungu lake, alitia humo shilingi 20.

Mdogo naye alilipa fungu lake pasipo kukosa, na shilingi 20 zilimbakia vile vile. Lakini fedha iliyobaki ilimwasha mkononi. Katika mwezi wa Agosti alichukua baiskeli, kwa fungu la shilingi 12 kila mwezi. Na katika Septemba alichukua gramafoni, kwa fungu la shilingi 8. Nyumba yake ikajaa nyimbo na wageni. Kaka yake akamwambia, "Mdogo wangu, masika yaja." Mdogo akacheka, akasema, "Kaka, wewe wahesabu mvua na jua li utosini!"

Machi ikafika, na mvua pamoja nayo. Barazani palikuwa na cherehani mbili na hapana nguo. Mwisho wa mwezi mkubwa alifungua kibweta chake, akalipa. Mdogo alikuwa na shilingi 5, naye alidaiwa 45: 25 za cherehani, 12 za baiskeli, na 8 za gramafoni. Aliona haya kumwambia kaka yake, kwa kuwa aliicheka mvua mbele yake. Akaichukua baiskeli kwa siri, akaenda kuiweka rehani. Mpokea rehani akamwomba hati ya duka, akaisoma polepole, akamrudishia, akisema, "Bwana mdogo, kitu hiki si chako bado."

Siku ya nane ya Aprili mwenye duka alikuja na hamali wawili. Mkubwa alikuwa amekwenda sokoni. Hamali waliinua cherehani, wakaiweka juu ya gari la mkono, wakaifunika gunia isinyeshewe. Mdogo alikaa barazani akapiga hesabu ambayo ilimpasa kuipiga zamani. Arubuni shilingi 60, mafungu 9 ya shilingi 25, ndiyo 225, jumla 285. Zilipungua shilingi 15 tu zitimie 300, ambayo ndiyo bei kamili ya mtu aliyekwenda dukani na fedha mkononi. Naye hana cherehani. Kabla ya mwezi kwisha, baiskeli na gramafoni zilichukuliwa pia.

Kaka yake aliporudi, akaona mahali patupu. "Mbona hukuniambia?" akamwuliza. "Kibwetani zilikuwamo fedha za kututosha sote wawili." Mdogo hakuwa na la kujibu. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mwisho wa Mei mkubwa alilipa fungu la kumi na mbili, akapewa hati yenye muhuri ya kwamba cherehani ni mali yake. Hakumcheka ndugu yake. Akamwambia, "Cherehani yangu hulala usiku. Njoo uiamshe." Mdogo akashona usiku kwa taa, akaweka akiba kidogo kidogo katika mkebe, asimwambie mtu. Baada ya mwaka na nusu alikwenda kwenye duka lile lile na shilingi 300 taslimu, akanunua cherehani, asitoe hata senti moja zaidi.

2. Biashara hii ilivyopata nguvu

Kukopa ni desturi ya kale sana. Lakini kuuza mashine kwa mafungu ya kila mwezi ni jambo lililopata nguvu huko Marekani katika karne ya kumi na tisa, na mashine iliyolipa nguvu ilikuwa cherehani.

Mwaka 1851 fundi mmoja jina lake Isaac Merritt Singer alipata hati ya serikali ya kuulinda ufundi wa cherehani aliyoitengeneza. Mashine ile ilifanya kazi ya ajabu. Hesabu zilizoandikwa katika miaka ile zaonyesha ya kuwa shati moja la kiume lililoshonwa kwa mkono lilitaka kazi ya saa 14 na zaidi. Kwa cherehani lilikwisha kwa saa 1 na robo hivi. Kila mshonaji aliitamani. Lakini bei yake ilikuwa dola 100 na zaidi, fedha ambayo jamaa wa kawaida waliipata kwa miezi kadhaa ya kazi. Mashine ilikuwako, na wenye kuihitaji walikuwako, ila bei ilisimama katikati yao kama ukuta.

Mwenziwe Singer katika biashara ile alikuwa mwanasheria, Edward Clark. Mwaka 1856 Clark alitoa shauri hili: mtu apewe cherehani kwa arubuni ndogo, aitumie nyumbani mwake kama mkodi, na alipe kila mwezi mpaka bei itimie, hapo ndipo itakapokuwa mali yake. Mwaka 1855 kampuni yao iliuza cherehani 883. Mwaka 1856 iliuza 2,564. Hesabu hiyo ilikaribia kuwa mara tatu ya ile ya kwanza, na mashine ilikuwa ile ile.

Kampuni nyingine zikaona, zikafuata. Kinanda, kitanda, kabati na baiskeli vikauzwa hivyo hivyo. Katika miaka ya 1920 magari zaidi ya nusu yaliyonunuliwa Marekani yalinunuliwa kwa mafungu. Na katika siku za karibu, mwaka 2012, kampuni iitwayo M-KOPA ilianza kuuza katika Kenya taa zipatazo nguvu kutoka kwa jua, mnunuzi akilipa fedha kidogo kidogo kwa njia ya simu. Vitu vimebadilika, lakini shauri ni lile lile la Clark.

3. Faida zake

Faida ya kwanza ni kwamba mtu hupata chombo wakati anapokihitaji. Fundi asiye na cherehani hawezi kushona ili apate fedha ya kununua cherehani. Akiipata kwanza, cherehani yenyewe humsaidia kujilipa. Chombo cha namna hii chafanana na ng'ombe aliyenunuliwa kwa deni, naye akalipiwa kwa maziwa yake.

Faida ya pili ni kwamba kodi haina mwisho, lakini mafungu yana mwisho. Wale ndugu wawili wangaliweza kumlipa yule mzee shilingi 26 kwa miaka 20, wala wasipate hata sindano. Mafungu yakiisha, kitu ni cha mwenye kulipa. Jamaa waliozoea kununua mafuta ya taa kila jioni nao wako katika hali iyo hiyo. Mafuta huwaka yakaisha. Lakini fedha ile ile, ikilipia taa ya jua, huacha taa ndani ya nyumba.

Faida ya tatu ni kwamba mtu asiyeweza kujizuia hufundishwa kuweka akiba. Wako watu ambao shilingi 25 hazilali mfukoni mwao. Siku ya kulipa ikijulikana, huziweka kando kwa kuogopa kupoteza kitu chao.

4. Hatari zake

Hatari ya kwanza ni bei. Mwenye duka akitaja fungu la mwezi, mnunuzi husikia shilingi 25 na kusahau 360. Tena faida anayotozwa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hesabu ya cherehani yaonyesha wazi. Bei taslimu ni shilingi 300. Aliyetanguliza 60 amebakiza deni la 240. Lakini mafungu 12 ya shilingi 25 ni 300. Basi alipa shilingi 60 zaidi, yaani shilingi 5 kila mwezi, na zile 20 nyingine ndizo zinazopunguza deni.

Mwezi wa kwanza atoa shilingi 5 kwa deni la 240. Mwezi wa kumi na mbili deni ni shilingi 20 tu, naye atoa shilingi 5 zile zile. Watu wengi husema, "Ni 60 juu ya 300, basi ni 20 kwa mia." Sivyo. Yeye hakukopeshwa 300, wala hakukaa na 240 mwaka mzima, kwa maana deni lilipungua kila mwezi. Lilianza 240, likaisha kwa 20. Kiasi cha kati ni 130. Kwa deni la 130 la mwaka mmoja ametoa 60, nayo ni kama 46 kwa mia. Kwa fundi ambaye cherehani humwondolea kodi ya shilingi 26 kila mwezi, huenda yafaa. Kwa mtu anunuaye gramafoni ya kumwimbia, ni ghali sana.

Hatari ya pili ni kwamba kitu hakijawa cha mwenye kukitumia. Jambo hili lilihukumiwa Uingereza mwaka 1895. Mtu mmoja jina lake Brewster alichukua piano, yaani kinanda kikubwa, kwa mfanya biashara aitwaye Helby. Walipatana alipe shilingi 10 na peni 6 kila mwezi, kwa miezi 36. Akiisha kulipa yote, piano itakuwa yake. Baada ya miezi michache Brewster aliiweka rehani kwa watu wengine, akapewa fedha. Helby akaidai piano yake, na shauri likafika mbele ya Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule. Baraza likaamua ya kuwa Brewster alikuwa hajanunua piano, wala hajafungwa kuinunua, kwa kuwa aliweza kuirudisha siku yo yote na kuacha kulipa. Kwa hiyo hakuwa na haki ya kuiweka rehani, na piano ikawa ya Helby. Nyumbani kitu huonekana kama mali. Katika hati ni amana ya mtu.

Hatari ya tatu ni ile iliyompata yule ndugu mdogo: mapato hupanda na kushuka, lakini fungu husimama pale pale. Ugonjwa, mvua, ukame, kufiwa au kufukuzwa kazi havimo katika hati. Marekani, mambo ya fedha yalipoharibika mwaka 1929 na watu wengi wakakosa kazi katika miaka iliyofuata, wenye magari ya mafungu walijinyima mambo mengine ili wasikose kulipa, kwa maana aliyekosa aliweza kupoteza gari pamoja na yote aliyokwisha kulipa. Walipoacha kununua vitu vingine, maduka na viwanda vilizidi kukosa kazi. Hivyo deni la mtu mmoja laweza kumwumiza hata yule asiyekopa.

Hatari ya nne ni kukusanya madeni. Fungu moja hubebeka. Mafungu matatu, kila moja dogo, hufanya mzigo mmoja mkubwa. Ndugu mdogo hakushindwa na cherehani. Alishindwa na shilingi 20 za baiskeli na gramafoni, ambazo zilikula fedha za masika.

5. Sheria zilizotungwa

Huko Uingereza walikuwako wenye maduka waliongoja mpaka mnunuzi abakize mafungu machache, na akikosa moja tu, wakamnyang'anya kitu, kisha wakakiuza tena kwa mtu mwingine. Watu maskini waliumia sana. Mwaka 1938 mjumbe wa Bunge, Bibi Ellen Wilkinson, alileta sheria ya kuzuia jambo hilo, ikapitishwa. Sheria ile ilimlazimisha mwenye duka kumwandikia mnunuzi bei taslimu, apate kujua anatozwa kiasi gani zaidi. Tena ilisema ya kuwa mnunuzi akiisha kulipa theluthi moja ya bei yote, kitu hakichukuliwi pasipo amri ya mahakama. Sheria nyingine ya mwaka 1974 imeliweka neno hilo la theluthi moja.

Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 1968. Humo kipimo ni theluthi mbili: mnunuzi akiisha kulipa theluthi mbili za bei ya mafungu, mwenye mali hawezi kuichukua kwa nguvu zake mwenyewe, bali sharti aende mahakamani.

Sheria ni ngao njema, lakini haiondoi deni. Hakimu aweza kumpa mdeni nafasi, hawezi kumlipia. Na ngao haimfai asiyejua kwamba anayo. Tena siku hizi yako mambo ambayo hayataki hamali wala gari la mkono: taa ya jua isiyolipiwa huzimwa kutoka mbali, na nyumba hukaa gizani mpaka fungu litolewe.

6. Kabla ya kutia sahihi

Mtu mwenye busara hajiulizi tu, "Je, nitaweza kulipa mwezi huu?" Hujiuliza mambo matano.

Kwanza: Bei taslimu ni ngapi, na jumla ya arubuni na mafungu yote ni ngapi? Tofauti yake ndiyo bei ya haraka.

Pili: Je, kitu hiki kitaniletea fedha au kunipunguzia matumizi, au kitakula tu?

Tatu: Katika mwezi wangu ulio mbaya kuliko yote, fungu hili litatoka wapi?

Nne: Hati yasemaje juu ya mtu aliyekosa kulipa? Asiyejua kusoma na asomewe na mtu amwaminiye, asitie kidole gumba mahali asipopajua.

Tano: Nikizuiwa kulipa, nitamwambia nani mapema? Mwenye duka aliyeambiwa kabla ya siku kufika huweza kungoja, aliyekimbiwa hangoji. Na ndugu hawezi kukusaidia deni asilolijua.

Waswahili husema, Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo yamwonya mtu asiende harusini pasipo kukumbuka matanga. Haimkatazi fundi kutafuta chombo chake cha kazi. Wale ndugu wawili walinunua cherehani moja namna moja, siku moja, kwa bei moja, wakatia sahihi hati zenye maneno yale yale. Mkubwa alihesabu miezi yote 12, na mdogo alihesabu ile yenye jua.

Maswali

1. Kwa nini shilingi 25 za mwenye duka zilikuwa nzito wakati wa masika kuliko shilingi 26 za yule mzee?

2. Ndugu mkubwa alisema shilingi 60 "ni za masika." Eleza maana yake kwa hesabu.

3. Mpokea rehani alikuwa na haki kuikataa baiskeli? Jibu kwa kutaja habari ya Brewster.

4. Kama ndugu mdogo angalikuwa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 1968, je, mwenye duka angaliweza kuichukua cherehani pasipo kwenda mahakamani? Tafuta kwanza theluthi mbili za shilingi 360.

5. Baiskeli yauzwa shilingi 200 taslimu; au arubuni shilingi 40, na mafungu 10 ya shilingi 18. Mnunuzi wa mafungu hulipa shilingi ngapi zaidi? Kila mwezi, ni shilingi ngapi za faida, na ngapi za kupunguza deni?

6. Taja vitu viwili vilivyo nyumbani mwenu. Kipi chafaa kununuliwa kwa mafungu, na kipi hakifai? Toa sababu.